Dada Fundi Anajibu: Nimempa majukumu yote, bado mfumo unamkatalia

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: nani aone nini kwenye mfumo wa biashara kama ERPNext au Odoo, programu za kutunza stoo, mauzo na vitabu, nani aguse nini, na kwa nini mfumo unamkatalia mtu ambaye bosi wake anaapa kwamba amempa kila kitu. Printa na mashine za EFD, zile za risiti za kodi, zitasubiri toleo lijalo. Kwa msomaji mpya: mimi ni fundi wa mifumo, makazi yangu Moshi, na wateja wangu wametapakaa kuanzia Himo mpaka Kisongo. Majina ya walioandika siyatoi, maana wengi wameeleza mambo ya ndani ya biashara zao.

Dada Fundi, habari za kazi. Nina duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni, na tawi moja Himo. Tunatumia ERPNext. Kijana wangu wa stoo ya Himo alikuwa anaona stoo zote mbili, nikaona si sawa, nikamfungia aone Himo peke yake. Tangu hapo kila nikituma saruji au nondo kutoka Moshi, hati ya kuhamisha mzigo anaiona kwenye orodha, lakini akiifungua anaambiwa haruhusiwi. Nikamwongezea jukumu la Stock Manager, ikagoma. Nikampa na System Manager, bado. Sasa hivi anapokea mzigo kwa simu na kuandika kwenye daftari. Nimekosea wapi?
*Mwenye duka, Moshi*

Kaka, ingia kwenye mfumo sasa hivi umwondolee huyo kijana System Manager, hata kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Mwenye jukumu hilo anaweza kufungua akaunti mpya, kumpa mtu yeyote jukumu lolote, yeye mwenyewe akiwemo, na kupindua ruhusa za kampuni nzima. Kijana wako hakuliomba na halijamsaidia chochote. Siku likitokea la kutokea, yeye ndiye atakayetajwa wa kwanza, na hatakuwa na la kujitetea. Stock Manager nayo iondoe.

Sasa tuje kwenye sababu. Mtumiaji wa ERPNext anapotaka kufungua hati, mfumo unauliza maswali mawili tofauti. La kwanza: huyu ana jukumu linalomruhusu kugusa aina hii ya hati, na kuigusa kwa namna gani? Asome tu, aandike, athibitishe, afute? Hapo ndipo majukumu yanapofanya kazi, na majukumu hujumlishwa: ukimpa mtu matatu, anapata haki za yote matatu. Swali la pili: kati ya hati zote za aina hiyo, huyu anaruhusiwa zipi? Hilo linajibiwa kwenye ukurasa wa User Permissions, ule ulioutumia kumfungia Himo. Ukurasa huu hauongezi kitu, unapunguza. Umpe mtu majukumu kumi, kilichopunguzwa pale kitabaki kimepunguzwa. Ndiyo maana hata System Manager haikufua dafu. Anayevuka maswali yote mawili bila kuulizwa ni Administrator peke yake.

Hebu mwambie kijana aifungue hati ile tena, akupigie picha ya ujumbe wote, asikusimulie tu kwamba "imekataa". Watu wengi husoma neno la kwanza la ujumbe wa makosa na kuufunga. Ujumbe huu wa ERPNext una adabu kuliko mingine mingi: unataja hati imeunganishwa na ghala gani, kwenye mstari wa ngapi, kwenye kisanduku kipi. Nina hakika utakuta umeandikwa ghala la Moshi, mstari wa 1, kisanduku cha Source Warehouse, yaani ghala mzigo unakotoka.

Umeona mambo? Hati ya kuhamisha mzigo ina maghala mawili, linakotoka na linakokwenda. Wewe umesema kijana aruhusiwe Himo tu. Mfumo ukipekua kila mahali ghala linapotajwa unakuta Himo, sawa, unakuta na Moshi, si sawa, unafunga. Umeamuru mwenyewe, nao umetii.

Na kwa nini anaiona kwenye orodha? Orodha huangalia visanduku vya juu vya hati tu. Kama anayeandaa hati Moshi huacha ghala la juu wazi na kujaza maghala kwenye mistari ya bidhaa, orodha haioni cha kuzuia. Mtu akiifungua, mistari inakaguliwa mmoja mmoja. Kwa hiyo wewe na wasomaji wengine, mkikuta mtu anaiona hati kwenye orodha na hawezi kuifungua, nendeni moja kwa moja kwenye mistari ya ndani. Kinyume chake pia hutokea: kwenye mipangilio ya mfumo kuna alama ya Apply Strict User Permissions, na ikiwekwa, hata hati zenye kisanduku kitupu humpotea mtu aliyefungiwa. Wapo waliodhani data zao zimefutika, kumbe ni alama hiyo.

Dawa yake ni hii. Fungua ile ruhusa ya kijana, ile ya Warehouse yenye thamani Himo. Utaona pamewekwa alama kwamba inahusu aina zote za hati. Itoe. Mfumo utakutaka utaje inahusu hati ipi, na rekodi moja hubeba aina moja, kwa hiyo utatengeneza kadhaa: moja ya ankara za mauzo, moja ya hati za kupeleka mzigo kwa mteja, moja ya marekebisho ya hesabu ya stoo. Stock Entry, ambayo ndiyo hati ya kuhamisha, usiitengenezee. Mojawapo iwekee alama ya Is Default ili Himo ijijaze yenyewe kwenye hati mpya za aina hiyo.

Najua utauliza: si ataona tena mzigo wa Moshi? Ataona, ndiyo. Nami nakuomba ujiulize kwa dhati unaogopa nini. Kijana wa Himo akijua Moshi kuna mifuko mingapi ya saruji, umepungukiwa nini? Tena atamwambia mteja wake asiondoke, mzigo uko Moshi unakuja kesho. Hatari iko kwenye kugusa: kuandika kwamba mifuko imetoka Moshi kwenda Himo wakati haijatoka, au kufuta hati iliyokwisha kuthibitishwa. Huko ndiko pa kubana.

Basi tengeneza jukumu jipya, uliite kwa Kiswahili ukipenda, mfano Mtunza Stoo wa Tawi. Nenda Role Permissions Manager, chagua Stock Entry, lipe jukumu hilo kusoma, kuandika na kuunda. Submit (kuthibitisha) usiliwekee, Cancel (kubatilisha) usiliwekee, Delete (kufuta) usiliwekee. Kisha umwondolee kijana Stock User, jukumu la kawaida la watu wa stoo, maana ukiiacha itamrudishia Submit kwa mlango wa nyuma. Nimeshasema majukumu hujumlishwa. Usilibadilishe jukumu la Stock User lenyewe, kwa kuwa utawabadilishia wote walio nalo, hata wa Moshi.

Ukishaiondoa, atakataliwa vitu vidogo vidogo: hafungui bidhaa, haoni orodha ya maghala. Usichoke ukamrudishia. Kila ujumbe unakwambia hati gani inakosekana, nawe unaipa Mtunza Stoo wa Tawi haki ya kusoma, basi. Ila jambo moja uliandike kwenye daftari lako: ukishagusa ruhusa za hati yoyote kwenye ukurasa huo, hati hiyo huacha kufuata ruhusa za kiwandani, na sasisho za baadaye za ruhusa hizo hazitaifikia. Kipo kitufe cha kurudisha za awali, lakini kitafuta na kazi yako yote kwenye hati hiyo. Andika ulichobadilisha na tarehe yake.

Baada ya hapo kazi inakwenda hivi. Lori likipakiwa Moshi, mtu wa Moshi anaandaa hati na kuihifadhi kama rasimu. Likifika Himo, kijana anahesabu mifuko ikishushwa, anafungua rasimu hiyo, anaandika idadi aliyoishika mkononi. Kama imeandikwa 200 na imefika 197, anaandika 197 na maelezo kwamba mitatu imepasuka, ama haipo. Mzigo hauhami kwenye vitabu mpaka mtu wa Moshi abonyeze Submit, na hapo macho mawili ya watu tofauti yameshapita juu yake. Mabadiliko aliyofanya kila mmoja yanabaki chini ya hati yakiwa na jina na saa.

Kujaribu usijaribu kwa akaunti yako, hasa kama unaingia kama Administrator. Kwako kila kitu kitafunguka na utamwambia kijana kwamba yeye ndiye hajui kutumia. Kaa naye, aingie mwenyewe kwa paswedi yake, afungue hati moja ya kweli.

Dada Fundi, mimi nauza spea za magari Arusha, upande wa Unga Limited. Vijana wa kaunta wanaona bei niliyonunulia, na nimesikia mteja anatajiwa kabisa "bosi kanunua kwa kiasi hiki". Fundi aliificha kwenye Odoo, nikaona kweli haionekani. Juzi nimekuta faili la Excel kwenye kompyuta ya kaunta lina bei zote za kununulia. Je, fundi alinidanganya?
*Muuza spea, Arusha*

Hakukudanganya, aliishia njiani. Odoo ilivyo tangu mwanzo humwonyesha bei ya kununulia kila mtumiaji wa ndani, kwa hiyo hakuna aliyekufungulia, umeikuta wazi. Fundi wako ameondoa kile kisanduku kwenye fomu ya bidhaa. Kijana akiingia kwenye orodha ya bidhaa, akazichagua na kubonyeza kuhamishia kwenye Excel, anaulizwa anataka visanduku gani, na bei ya kununulia iko pale inamsubiri.

Kufunga kweli ni kukifungia kisanduku chenyewe kwenye data, kiwe cha kundi fulani la watumiaji tu, mfano wewe na mhasibu. Hapo hakitatoka kwenye fomu, wala kwenye orodha, wala kwenye Excel, kwa mtu aliye nje ya kundi. Ni kazi ya mwandika programu, lakini si kubwa. Ukimwita fundi muulize swali moja tu: umeificha kwenye fomu au umeifunga kwenye data? Asipoelewa swali, tafuta mwingine. Tena aijaribu kwanza kwenye nakala ya mfumo kwa akaunti ya kijana wa kaunta, maana sehemu zinazokokotoa faida zinaweza kuanza kulalamika pale zinaposhindwa kuisoma bei hiyo.

Wakati unasubiri, kuna la kufanya leo. Kwenye ukurasa wa kila mtumiaji wa Odoo kuna ruhusa ya peke yake ya kuhamisha data nje, inaitwa Access to export feature. Waondolee wote wa kaunta. Hawana kazi nayo.

Lakini nisikuache hapo. Kwenye spea watu wanapatana bei, na kijana anayepatana gizani atauza hasara au atapoteza mteja. Wengi huichungulia bei ya kununulia kwa sababu hiyo tu, wanataka kujua watashuka mpaka wapi. Tengeneza orodha ya pili ya bei ndani ya Odoo, uiite Bei ya Mwisho, ujaze wewe mwenyewe. Kijana aone bei ya kawaida na bei ya mwisho, yaliyo chini ya hapo akuite. Na kama huyohuyo wa kaunta ndiye anayeandika oda za kununua, ujue bei ataiona huko. Mtenganishe na kazi hiyo kwanza, vinginevyo unaziba tundu moja la ungo.

Kwako Dada Fundi. Sisi ni kampuni ya safari Arusha. Ofisa wetu wa mauzo yuko likizo ya uzazi. Kotesheni zake zote hazionekani kwa mwenzake anayemshikia, ambaye kwenye Odoo yuko Own Documents Only. Tulikuwa tunaingia kwa paswedi yake alivyotuachia, lakini sasa mfumo unadai namba ya uthibitisho inayokwenda kwenye simu yake. Tunampigia anachelewa kujibu na wageni wanasubiri. Tufanyeje?
*Meneja, Arusha*

Mwacheni mzazi apumzike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hakuna mahali iliposema awe anasoma namba za simu usiku huku ananyonyesha.

Own Documents Only maana yake ni kwamba muuzaji anaona hati zenye jina lake kwenye kisanduku cha muuzaji, na zile ambazo kisanduku hicho kiko tupu. Za mwenzake hazimhusu. Haijaharibika.

Mna njia mbili, na kinachoamua ni kamisheni. Kama hamlipi kamisheni kwa jina lililo kwenye kotesheni, wewe meneja ambaye naamini uko All Documents, yaani unaona hati za wote, fungua kotesheni zake zilizo wazi, badilisha muuzaji uweke anayemshikia, na andika chini ya hati kwa nini umebadilisha. Zilizokwisha kuthibitishwa na kulipiwa ziache na jina lake. Kama kamisheni inafuata jina, usiguse jina la mtu aliye likizo. Mpandishe anayemshikia awe All Documents kwa muda huo, na tarehe ya kumshusha iandike leo kwenye kalenda ya ofisi. Nikifanya ukaguzi wa watumiaji kwa wateja wangu, nakuta ruhusa nyingi za "muda" ambazo aliyezitoa ameshasahau.

Sasa la paswedi, nami hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kila barua pepe iliyotoka kwa akaunti ile tangu aondoke inasomeka kwamba ameiandika yeye. Mgeni akiahidiwa chumba ambacho hakipo, jina ni lake. Tena ndani ya kotesheni za safari mna nakala za pasipoti za wageni na maelezo ya afya zao, nani ana kisukari, nani ana mzio wa karanga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ninyi kampuni za safari imewagusa moja kwa moja. Mkiulizwa nani alifungua pasipoti ya mgeni fulani, jibu "yule aliye likizo" halitawafikisha popote. Akaunti yake izimeni kwa muda, msiifute, na akirudi aweke paswedi mpya ambayo ofisi haiijui.

Mkaguzi wa vyama vya ushirika anakuja kwenye AMCOS yetu, chama cha wakulima wa kahawa, na anataka kuona vitabu kwenye ERPNext. Mwenyekiti anasema nimpe akaunti yangu tu. Ni sawa?
*Mhasibu, Moshi Vijijini*

Si sawa, na wala huna haja. ERPNext ina jukumu lililotengenezwa kwa kazi hiyo, linaitwa Auditor, na ni la kusoma. Mfungulie mkaguzi akaunti yake mwenyewe, mpe jukumu hilo peke yake, aingie mkiwa pamoja muone kama ripoti anazotaka zinafunguka. Akimaliza, izime kwa kuondoa alama ya Enabled. Usiifute, ili ibaki kumbukumbu kwamba aliingia. Mwenyekiti mweleze hivi: akaunti yako inaweza kuandika kwenye vitabu, na mkaguzi makini hatakubali kesho naye aulizwe kwa nini alishika akaunti inayoandika.

Shikamoo Dada Fundi. Mimi ni keshia wa supamaketi ndogo Arusha, karibu na soko la Kilombero. Tuko watatu kwa zamu na wote tunaingia kwa akaunti moja inayoitwa Kaunta. Paswedi imebandikwa kwenye kompyuta. Mwezi uliopita bosi amekuta risiti zimefutwa kwenye mfumo na pesa pungufu laki tatu na nusu. Amesema atatukata mshahara sote sawasawa. Mimi sijafuta risiti ya mtu. Mfumo hauwezi kuonyesha aliyefuta ni nani?
*Keshia, Arusha*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Barua yako ndiyo iliyonifanya nitenge ukurasa mzima kwa jambo hili. Wenye biashara wakisikia ruhusa za mfumo wanawaza kumzuia mwizi. Wachache wanakumbuka kwamba akaunti yenye jina lako ndiyo pia inayokutetea pale ambapo hukuiba.

Kwa akaunti moja ya watu watatu, mfumo utasema aliyefuta ni Kaunta. Mkono hauujui. Ila saa unaijua, na hapo ndipo pa kuanzia. Mwombe bosi, kwa heshima, orodha ya risiti hizo pamoja na tarehe na saa kila moja ilipofutwa. Hujataja mfumo gani mnautumia, lakini risiti iliyokwisha kuthibitishwa huwa haipotei. Kwenye ERPNext ankara iliyobatilishwa inabaki kwenye orodha ikiwa imeandikwa Cancelled, na hata hati iliyofutwa kabisa ina orodha yake inayoitwa Deleted Document. Kwenye kaunta ya Odoo oda iliyolipwa haifutwi. Hurudishwa kwa oda nyingine ya marejesho, nayo ina saa yake. Ziwekwe saa hizo kando ya ratiba ya zamu. Halafu kando ya ripoti ya Z ya mashine ya EFD, ile ya kufunga mauzo ya kila siku, kwa sababu mteja aliyepewa risiti ya EFD amehesabiwa kule hata kama kwenye mfumo wenu mauzo yake yamebatilishwa. Kando yake tena ujumbe wa malipo ya simu wa siku hiyo. Kamera kama ipo, bora zaidi. Huenda isimwonyeshe aliyefanya, lakini inaweza kabisa kuonyesha saa ambazo wewe ulikuwa nyumbani.

Kuhusu kukatwa, usikubali kwa mdomo na usisaini karatasi usiyoielewa. Sheria ileile ya Ajira ya 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa kuamua tu. Inatakiwa wewe ukubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, upewe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, na upate nafasi ya kupinga. Hata ukikubali, makato yote yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. "Kukata wote sawasawa" ni kukiri kwamba hajui kosa ni la nani.

Sasa ya kesho. Mwonyeshe bosi ukurasa huu akikubali kusoma. Bosi, hili ni lako: kila keshia afunguliwe akaunti yake. Kwenye kaunta ya Odoo huhitaji hata kuwanunulia kompyuta tatu, kila mfanyakazi anapewa PIN yake na wanapokezana kwenye mashine moja. Kwenye ERPNext kila keshia anafungua zamu yake kwa kuandika pesa aliyoanza nayo na kuifunga kwa kuandika aliyonayo, na pungufu inaonekana zamu ileile, siyo mwisho wa mwezi wakati kila mtu ameshasahau. Haki ya kubatilisha risiti waondolee makeshia wote, apewe msimamizi mmoja ambaye haketi kwenye droo ya pesa. Mteja akirudisha sabuni, msimamizi anaitwa, anabatilisha kwa jina lake na kuandika sababu. Itachukua dakika mbili zaidi na foleni itanung'unika kidogo. Karatasi ya paswedi ibanduliwe leo.

Na wewe mdogo wangu, kama bosi hataki kubadilisha, anza wewe. Kila zamu ikiisha hesabu pesa mbele ya anayekupokea, andikeni kiasi, saa na idadi ya risiti kwenye daftari, msaini wote wawili. Mwenzako akikataa kusaini, andika kwamba amekataa na uipige picha.

Kwa hili la mwezi uliopita, mwandikie bosi barua fupi kabla mishahara haijatoka: kwamba hukubaliani na makato, unaomba orodha ya risiti pamoja na saa zake, na uko tayari kukaa naye kuzipitia moja moja. Baki na nakala iliyosainiwa na aliyeipokea. Akikukata bila kukusikiliza, ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi iko hapohapo Arusha, na mgogoro wa namna hii hupelekwa ndani ya siku 60. Nenda na nakala ya barua, ratiba ya zamu, na hati ya mshahara inayoonyesha makato.